Mapazia ya Mama Cherehani

Mjukuu wangu hufanya kazi sebuleni, kwenye meza ileile ya chakula, kwa sababu nyumba yetu ina vyumba viwili tu na kimoja ni changu. Kazi yenyewe ni ya picha. Watu humletea picha walizopiga kwa simu, yeye anazitengeneza kwenye kompyuta, halafu anazituma kwa mtandao kwenye maabara ya kusafisha picha, ng'ambo ya pili ya mji. Baada ya siku mbili tatu zinarudi zikiwa kwenye karatasi nene, ndani ya bahasha ngumu. Zamani nilidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Nimekaa naye miaka mitatu sasa, na najua inachosha kama kuchambua mchele wa shughuli peke yako. Macho yanauma, shingo inakaza, na jioni hakuna anayeona ulichofanya.

"Mke mwenzangu," huniambia, "picha ikitoka vizuri wanasifu simu. Ikitoka vibaya wananiuliza mimi."

Ananiita mke mwenza tangu akiwa mdogo, kwa utani wa marehemu babu yake. Na mimi humjibu kwamba babu yake angekuwepo asingemtazama mara mbili, maana hata chai anaiunguza.

Jumatatu moja Mama Cherehani alipiga hodi asubuhi, hatujaondoa hata vikombe. Ni fundi wa nguo wa mtaa wetu. Jina lake halisi lipo, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Amewashonea sare watoto wa hapa, na watoto wa watoto hao. Mimi mwenyewe aliwahi kunipandishia upindo wa sketi nikiwa nimeivaa, amepiga magoti mbele yangu mlangoni kwake, pini mdomoni, akaninyooshea kidole tu kuniambia nisitikisike. Alipomaliza akanifuta vumbi la miguuni kwa kiganja chake, kana kwamba ndiyo kazi niliyomletea. Mambo kama hayo mimi huyakumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa mara moja. Alisimama akaitazama meza, kompyuta, na mjukuu wangu aliyekuwa ameshika kipande cha boksi juu ya skrini kuzuia jua la dirishani.

"Kila siku unashika boksi hivyo?"

"Nishazoea, mama."

"Mkono haufi ganzi?"

"Unakufa. Halafu unafufuka."

Mama Cherehani akacheka kidogo, akakaa, akatoa simu yake kwenye mkoba. Kioo chake kilikuwa na nyufa, akakifuta kwa ncha ya mtandio. Binti yake alikuwa humo. Amesimama mlangoni kwa mama yake, kwenye kizingiti, amevaa gauni la bluu, ana pini tatu zimechomekwa kifuani kwa sababu gauni lilikuwa halijamalizwa, na anacheka na mtu ambaye haonekani.

Nilimjua binti yule. Alifariki miaka miwili iliyopita, kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa mtoto wake wa pekee wa kike.

"Kijana wangu kaniita nikakae kwake," alisema Mama Cherehani. "Mbali kule. Nimechoka, mama, siwezi kubisha tena. Gari la mizigo linakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Cherehani nishaifunga. Nataka picha moja tu, kubwa, ya kutundika."

"Tutaitengeneza," mjukuu wangu akasema.

"Sikiliza kwanza, mwanangu." Aliiweka simu mezani, akaizungusha taratibu hadi ikanyooka na ukingo wa meza. "Alivyokuwa akiumwa, aligeuka wa njano. Macho, viganja, mwili wote. Miezi mitatu. Kabla ya hapo alikuwa mweusi miaka ishirini na sita, mweusi kweli, mama huyu shahidi. Lakini nikifumba macho namwona yule wa njano tu. Ile miezi mitatu imekula miaka yote. Kwa hiyo sitaki picha ya kupendeza. Nataka rangi yake. Nikiamka kule ugenini nimkute yule mwingine ukutani, labda na kichwa changu kitamkumbuka."

 Mjukuu wangu aliondoa boksi, akaivuta simu karibu.

Mama Cherehani akatoa kwenye mkoba kipande cha kitambaa cha bluu, si kikubwa kuliko kiganja. "Hii hapa ya gauni. Mlinganishie. Ya uso sina kipande."

Alipoondoka nilimwuliza mjukuu wangu kama ni kazi ngumu. Akasema picha yenyewe ni nzuri, ugumu uko safarini. Mimi sielewi mambo ya kompyuta, naye ana subira na mimi, akachukua kile kitambaa.

"Bibi, Mama Cherehani akimtuma mtu dukani kununua uzi, anamwambia nini?"

"Hamwambii kitu. Anampa kipande cha nguo. Ukisema bluu tu, utaletewa bluu ya mwenye duka."

"Basi na picha hivyo hivyo. Ndani yake kuna kitu kinaitwa profaili ya rangi. Ndiyo kipande cha nguo chenyewe. Kinaiambia mashine ya maabara, nikisema bluu namaanisha bluu hii, nikisema nyeusi namaanisha hii. Simu ina bluu yake, skrini yangu ina yake, karatasi ya maabara ina yake. Profaili isipokwenda na picha, au ikienda isisomwe, kila mmoja anakuletea ya kwake."

Nilielewa. Nikamwambia angekuwa mwalimu. Akasema angekuwa mwalimu angechoka zaidi.

Picha ya kwanza ilirudi Alhamisi. Mjukuu wangu alifungua bahasha, na kabla hajasema lolote nilimwona akishusha mabega. Mama Cherehani alikuwa amekuja mwenyewe kuichukua. Aliipokea kwa mikono miwili, akasogea nayo hadi kizingitini kwenye mwanga, kama afanyavyo na kila kitambaa, maana yeye hajawahi kukubali rangi akiwa ndani ya chumba. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mmemchubua mwanangu."

Ni kweli. Binti alikuwa mweupe wa mkorogo, uso rangi moja na mikono rangi nyingine.

"Huyu ni binamu yake wa kwenye matangazo," Mama Cherehani akasema. Alijaribu kucheka ili mjukuu wangu asione vibaya. Mimi nililiona hilo, na nadhani mjukuu wangu pia aliliona, kwa sababu alikwenda jikoni na kukaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji kuchemka.

Baadaye alimpigia simu mtu wa maabara. Huyo tunamwita Miwani, kwa miwani yake minene, na yeye mwenyewe hupokea simu akisema, "Miwani hapa." Mjukuu wangu aliweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Miwani, umemng'arisha mtu wangu!"

"Si mimi, dada, mashine. Ikiona uso mweusi inadhani picha imekosa mwanga, inajiongezea. Ndivyo walivyoifundisha huko ilikotoka."

"Sasa si uizime?"

"Nikiizima kwa wote, wengine watanilalamikia. Wapo wanaopenda."

"Huyu amekufa, Miwani. Mama yake anataka rangi yake."

 Nilisikia mashine zikisaga nyuma yake.

"Basi lete upya. Yako nitaizimia. Na nakutumia profaili ya karatasi yangu, ya mashine hii hii. Uitazame kwenye skrini kabla hujanitumia. Kwenye bahasha nitaandika kwa kalamu ya wino mzito: rangi isiguswe. Hata mimi nikiwa likizo, hawataigusa."

"Asante, Miwani."

"Mpe pole huyo mama."

Kesho yake, Ijumaa, Mama Cherehani alikuja tena, na mimi nilidhani amekuja kuuliza picha. Hapana. Alikuwa amebeba kitambaa kilichokunjwa, na nyundo ndogo, na misumari miwili mdomoni badala ya pini.

"Niliifungua cherehani," alisema misumari ikiwa bado mdomoni. "Mara ya mwisho. Sikuweza kulala nikiufikiria mkono wa mtoto huyu na lile boksi."

Yalikuwa mapazia. Mawili, rangi ya chungwa, yenye upindo wa mshono mara mbili, yaliyonyooka kama yamepimwa kwa rula. Alipanda kwenye kiti mwenyewe, mtu wa umri wake, akagongomea, akayatundika. Jua likakatika. Sebule yote ikawa na mwanga wa joto, mzuri, kama ndani ya taa ya chemli. Mjukuu wangu akaweka boksi lake chini. Alifungua na kufunga vidole vya ule mkono, mara kadhaa, kama mtu aliyevuliwa pete inayobana.

"Ni kitambaa kilichonibakia tu," Mama Cherehani akasema. "Msinishukuru."

Tulimshukuru hata hivyo.

Jumamosi yote mjukuu wangu aliitengeneza picha upya. Alianza na ile ya awali ya simu, akaweka profaili ya Miwani, akamtazama binti yule kwa saa nyingi. Nilimletea chai, ikapoa. Nilimletea nyingine. Alisogeza kitu kidogo, akasogea nyuma, akafinya macho, akarudi.

"Anaonekana ana baridi, Bibi," aliniambia mara moja. "Kama mtu aliyetoka kwenye maji. Namwongezea joto kidogo kidogo."

Nami nilitazama kwa macho yangu haya ya zamani, nikaona kweli amekaa kibluu, nikamwambia ongeza. Hilo nilimwambia mimi.

Jumanne ikarudi. Kwenye bahasha kulikuwa na maandishi makubwa ya Miwani, kama alivyoahidi. Mama Cherehani aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni. Tulimsubiri aseme. Alikuwa ametupa mgongo. Nje mtu alikuwa akiita kuku, na mimi nikajikuta nasikiliza kuku.

Aliporudi aliiweka picha mezani, uso chini.

"Hivi ndivyo alivyokuwa," akasema. "Mwishoni."

Mjukuu wangu aliigeuza. Sikuhitaji kwenda nayo kwenye mwanga. Meno, weupe wa macho, viganja, vyote vilikuwa vya njano. Bado alikuwa akicheka, na hilo ndilo lililozidi kuumiza.

"Mama, nisamehe," mjukuu wangu alisema. "Sijui, sijui nilichokosea. Nipe siku—"

"Hujakosea, mwanangu. Labda ndiyo basi. Labda hiyo rangi haipo tena popote." Akamshika bega, akalibonyeza kidogo, namna anavyopima kama nguo imekaa. "Kompyuta yenyewe imeshindwa, sembuse kichwa changu. Pumzika."

Yeye ndiye aliyemwambia mwenzake apumzike. Akatoka bila picha. Kile kitambaa cha bluu alikiacha.

Usiku ule chakula hakikuliwa. Jumatano asubuhi mjukuu wangu alianza kutafuta kosa. Alimpigia Miwani. Miwani aliapa hakugusa. Alichapa kipande kidogo cha majaribio chenye rangi zake za kupimia, akasema zimetoka sawa kabisa, kosa haliko kwake. Mjukuu wangu akaazima kwa rafiki yake kile kidude cha kubandika kwenye kioo cha kompyuta, kinachosoma rangi. Kikasoma, kikasema skrini ni nzima. Profaili ni ileile. Faili ni lilelile. Kila kitu ni sawa, na binti ni wa njano.

"Niache tu hii kazi," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Siwezi kuuona uso wa mtu, Bibi. Kazi yangu ni macho, na macho yangu hayaoni."

"Lala kidogo."

"Mchana?"

"Mchana una ubaya gani? Lala, mke mwenzangu. Vyombo nitaosha mimi, na wewe ukiamka utaniambia sijavitakatisha."

Alijilaza kwenye kochi, mkono juu ya macho. Mimi nilikuwa nimefua foronya asubuhi, zimekauka, nikaziingiza ndani nizikunje kwenye ile meza. Nikakunja ya kwanza na ya pili. Halafu nikaona hazikutakata. Foronya zangu nyeupe zilikuwa na umanjano, zote. Magoti yangu yalilia yenyewe. Nilikuwa nimezisugua kwa mkono, nimezisuuza mara mbili, na sasa nirudie? Nikalaumu sabuni. Nikalaumu maji. Nikazibeba zote kifuani, nikatoka nazo uani, nikajaza beseni.

Kabla sijatumbukiza nikazitazama. Zilikuwa nyeupe.

Nikasema nimezeeka. Nikarudi nazo ndani. Zikawa za njano. Nikatoka nje, nyeupe. Nikaingia, njano. Jirani yetu aliyekuwa akianika nguo akauliza kwa sauti, "Bibi, unacheza gwaride?" Sikumjibu. Nilikuwa nimesimama kizingitini, foronya moja nusu ndani nusu nje, na nilikuwa nimemkumbuka Mama Cherehani, ambaye hakubali rangi akiwa ndani ya chumba. Kisha nikayatazama mapazia.

Nilikaa chini pale pale kizingitini. Sikufurahi kugundua. Nilitamani iwe ni mashine, au Miwani, au mimi. Lakini wale waliomrudisha binti yule kwenye ugonjwa wake walikuwa ni mapazia mawili yenye upindo wa mshono mara mbili, yaliyoshonwa na mama yake, kwa sababu hakuweza kulala akiufikiria mkono wa mjukuu wangu.

Nilimwamsha kwa kumwekea foronya kifuani.

"Hii ni rangi gani?"

"Bibi, jamani. Nyeupe."

"Tazama vizuri."

"Nyeupe, Bibi."

Nikamshika mkono kama mtoto, nikamtoa nje. Akaitazama foronya uani. Akanitazama mimi. Akarudi ndani mbio, akaiinua karibu na skrini iliyokuwa na ukurasa mweupe mtupu, na hapo akaona. Skrini ilikuwa nyeupe. Foronya ilikuwa kama imechovywa kwenye juisi.

Aliketi, akaweka paji la uso juu ya meza.

"Skrini ilikuwa sawa," alisema akiwa hivyo hivyo. "Kidude kilisema kweli. Macho yangu ndiyo yaliyozoea. Chumba kizima ni cha chungwa, macho yakakubaliana nacho, yakasema hii ndiyo nyeupe. Kwa hiyo chochote cheupe kweli kikaonekana kibluu. Nikamwona ana baridi. Nikamwongezea joto." Akaifinya foronya mkononi. "Nimempaka njano kwa mkono wangu, Bibi. Na wewe ukaniambia niongeze."

"Nilikwambia."

Akainua kichwa, akanitazama, tukaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, kisicho na furaha ndani, lakini kilitusaidia kusimama.

Tuliyashusha pamoja. Nilisema yakunjwe kwa kufuata mshono wake, tukayakunja hivyo. Dirishani tukatundika shuka langu la kijivu, kuukuu, ambalo mjukuu wangu alisema ndiyo rangi bora kabisa kwa kazi yake, maana haina maoni.

"Tutamwambia?" akauliza.

"Unaonaje?"

"Tukimwambia ataondoka nalo. Atafika kule, atalala kitanda cha ugenini, atasema ni mimi niliyempaka."

"Basi hatumwambii."

Kazi ilianza upya. Sasa nilikaa karibu yake, si kwa sababu najua kitu, ila kwa sababu nilimjua binti. Mjukuu wangu alipofungua picha ya awali chini ya mwanga wa kijivu, niliona mara moja kwamba hakuwa na baridi hata kidogo.

"Alikuwa hivi?"

"Mweusi zaidi. Na wekundu kwa ndani."

"Wekundu wapi?"

"Hapa juu ya mashavu. Kama chungu kilichozoea moto. Mama yake anao kwenye vifundo vya mikono."

Akasogeza kidogo. Nikasema hapana. Akarudisha. Tulikwenda hivyo mchana wote, akitoka uani kila baada ya muda kupumzisha macho yake kwa anga. Alipomaliza uso akabonyeza mahali, akasema sasa skrini itajifanya karatasi ya Miwani, ndiyo kazi ya ile profaili. Picha ikapungua mng'ao kidogo, kama mtu anayetoa pumzi. Uso ulibaki. Gauni likafifia.

Aliweka kile kitambaa kando ya skrini. "Karatasi yake haiwezi bluu hii yote. Nikiivuta kwa nguvu, uso utavurugika. Nichague kipi?"

"Uso," nikasema.

"Lakini aliacha kipande kwa ajili ya gauni."

"Gauni alilishona mwenyewe, mjukuu wangu. Analijua hata gizani."

Miwani alipoambiwa habari ya foronya alicheka hadi akakohoa, halafu akasema picha hii haitasubiri zamu. Ijumaa jioni alikuja nayo mwenyewe. Tulishangaa kuona mtu mfupi hivyo mwenye sauti nene. Hakuingia hata ndani, alisema ni njia yake ya kwenda nyumbani. Baadaye mjukuu wangu aliniambia anakaa upande mwingine kabisa wa mji.

Jumamosi gari la mizigo lilikuwa limekwisha kusimama mbele ya duka la fundi tulipompelekea habari. Mama Cherehani alikuja amevaa viatu vya safari. Hakuharakisha. Niliona kwamba amejiandaa kusema hewala kwa lolote atakaloletewa, aseme asante, aondoke. Alipokea bahasha, akasoma maandishi ya Miwani, akaitoa picha nusu, akasimama mlangoni kwenye mwanga, akaitoa yote.

Alikaa nayo kwa muda mrefu. Dereva alipiga honi, hakugeuka. Nilimwona akikunja mkono wake wa kulia, akavisogeza vifundo vyake kando ya shavu la binti, vikakaa pale, rangi kwa rangi, na haikuonekana mpaka.

"Kumbe kipande nilikuwa nacho," akasema.

Mjukuu wangu akaanza kumweleza kuhusu gauni, kwamba bluu haikufika. Akamkatiza. "Nimeona. Achana na gauni."

Aliingia ndani kuweka picha kwenye bahasha, juu ya meza, na hapo akainua macho. Akaliona shuka la kijivu.

"Mapazia yako wapi?"

"Yamefuliwa," nikasema, haraka mno.

"Mapazia ya wiki moja?"

"Mvuke wa jikoni," akasema mjukuu wangu.

Mama Cherehani alilitazama dirisha. Akaitazama meza, na kompyuta, na mahali ambapo jua la asubuhi lilipita pembeni mwa shuka na kuangukia ukutani. Alikuwa fundi wa nguo kwa miaka arobaini. Amewatoa nje wateja wangapi, akiwaambia usichague kitambaa chini ya turubai, turubai litakudanganya. Niliona jambo lenyewe likimfikia. Lilimfikia polepole, na mimi sikuwa na la kulizuia.

"Lo," alisema. "Mimi tena?"

Aliligusa shuka kwa ncha za vidole.

"Mimi mwenyewe, na kitambaa changu."

Mjukuu wangu alimwendea, akamwekea mbele ule mkono wake wa kushikia boksi, akafungua vidole na kuvifunga. "Siku tano haukufa ganzi, mama. Tazama."

Mama Cherehani aliutazama. Alivuta pumzi, akaitoa, na kwa muda sikujua itatoka na nini. Kisha akasema, "Rangi ya chungwa kwa mtengeneza picha. Nimezeeka kweli. Ndiyo maana wananihamisha."

"Yatundikwe wapi sasa?" nikamwuliza. "Siyatupi."

"Chumbani kwako, mama. Wewe huna picha unayotengeneza."

Dereva akapiga honi tena. Akambeba binti yake kwapani, upande wa uso ukiwa ndani, akatuaga. Kile kitambaa cha bluu alikisahau, au alituachia, sijui.

Mapazia yako chumbani kwangu. Asubuhi jua likiyapiga, mikono yangu juu ya shuka huwa ya njano. Huitazama kidogo. Kisha nainuka taratibu kwa ajili ya magoti, nakwenda mlangoni, naitoa nje kwenye mwanga.